Chai Aliyoikataa Mwenye Nyumba

Miaka mitatu niliyopanga Mabatini, mwenye nyumba wangu hakunywa kwangu hata kikombe kimoja cha chai. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa, na ndiye aliyesimama kama mama wa ubatizo wa binti yangu. Aliingia kwangu kama kwake, akala karanga zangu, akamsuka mtoto nywele. Ila nikimkaribisha chai hakukosa sababu: leo amefunga, leo presha imepanda, leo ametoka kunywa.

Kwetu mtu akikataa maji yako, amekwambia jambo. Nilijua ananidhania mchawi. Nilikuja mjini na mtoto bila mume, na watu wa namna hiyo hatukosi kusemwa. Niliumia, nikanyamaza. Nikawa naonja chai kwanza mbele yake, kama mila inavyotaka, nimtoe wasiwasi. Hakunywa. Siku moja hasira zikanipanda, nikamwita binti yangu, nikampa kikombe cha maji palepale, nikamwambia ayamalize. Mtoto akanywa mpaka tone la mwisho. Yule mama alitazama sakafu, akasema mtoto amekua, akaaga. Nikajiona nimemshinda.

Maji yenyewe niliyachemsha. Kwa sababu ya mgao, bomba letu sisi wapangaji lilitoa maji ya tangi la chuma lililokaa juu ya bafu, na mimi niliyachemsha mpaka yatokote, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, kama tulivyofundishwa kliniki. Sikujua kwamba kuna sumu ambayo moto hauiondoi.

Binti alianza kulalamika tumbo. Alipoingia darasa la kwanza, mwalimu akaniita: herufi alizozijua jana leo hazijui, tena anakasirika ovyo. Nilimchapa kwa uvivu ule, na ninaliandika hili kwa aibu. Tumbo lilipozidi nikampeleka hospitali. Daktari aliniuliza mengi, rangi za ukuta, sufuria, maji, kisha akatuma damu ikapimwe. Majibu yalisema ana madini ya risasi mwilini. Akanieleza taratibu kwamba sumu hiyo hushambulia ubongo wa mtoto, na kwamba hawezi kuniahidi kuwa kilichoharibika kitarudi. Kwanza nitafute inakotoka.

Nilikwenda Buzuruga kumchukua fundi bomba, akapanda kwenye tangi. Hakukaa juu hata dakika tano. Akashuka akisema matundu ya ndani yamezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa kutoka kwenye betri kuukuu za magari, kazi ya marehemu mume wa mwenye nyumba. Kisha akanitazama kwa mshangao.

"Mbona hili tangi nalijua? Nilimwambia mama mwenye nyumba kabla wewe hujahamia. Ni la kufulia tu, asinywe mtu."

Nilikaa chini pale pale kwenye tope la bafuni. Kumbe hakunidhania mchawi hata siku moja. Bora angenidhania. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hata hizo nguo zake nilikuwa namfulia.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Kwa mara ya kwanza sikumwamkia. Nilimuuliza kama alijua, na hakukana. Alisema tangi jipya lilimshinda, alisema wapangaji wangehama wote, alisema yeye ni mjane na nyumba ile ndiyo shamba lake. Yote hayo niliyasikia nimesimama, na baadhi yake niliyaelewa. Nikamuuliza kuhusu siku ile mtoto alipokunywa mbele yake. Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe kwenye ungo. Alipojibu, alitumia sauti ileile ya upole anayosomea Biblia kanisani.

"Binti yangu, yule mtoto ni wangu pia. Sijalala hata siku moja bila kumwombea."

Nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningempata na uongo ningemtukana, nikahama, nikasahau. Lakini najua alipiga magoti kweli. Kila siku alimweleza Mungu habari ile, na mlango wangu ulikuwa hatua kumi tu kutoka kwake.