Sauti ya Rachidi Redioni

Rachidi aliacha kusikia angali mtoto, kwa homa kali iliyomkakamaza shingo. Alipopona alimwona mama yake akifungua kinywa, na hakuna kinachotoka. Maneno aliyokwisha kuyajua alibaki nayo, lakini watoto wa mtaani walimcheka alivyoyatamka, naye akafunga mdomo. Alijifunza kuunda boti, akamwoa Salama, wakajitungia lugha yao ya mikono. Boti zake husafiri ziwani hadi bandari ya Kabimba zimejaa muhogo na watu. Sauti yake aliijua Salama peke yake.

Mwaka huu akaja Papa Théophile, mtangazaji wa redio mwenye miguu iliyopooza, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Alikuwa na kipindi cha watu mashuhuri wa historia walioishi na ulemavu: wafalme viwete, wanamuziki vipofu. Msikilizaji mmoja alimpigia simu akamwambia, "Papa, hao wote walifia mbali. Wa hapa kwetu wako wapi?" Ndipo akaelekezwa kwa Rachidi.

"Historia?" Rachidi aliuliza kwa mikono. "Mimi bado sijakufa."

Salama akatafsiri. Théophile akacheka, akawasha kinasa sauti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipouliza nani alimfundisha ufundi. Rachidi akaonyesha ishara ya Hamidi, fundi wake marehemu. Lakini midomo ya mkewe, aliyozoea kuisoma, ilisema, "Alijifunza mwenyewe." Salama alikuwa anampamba mumewe.

"Hapana," Rachidi akasema kwa kinywa chake. "Si vile. Papa Hamidi njo alinifundisha."

Théophile akamsogezea kinasa sauti. Salama akainama kwa haya, kisha akatabasamu.

Jumapili mchana majirani walijaa uani kusikiliza. Rachidi hakuitazama redio, aliwatazama wao. Waliangua kicheko mahali fulani, labda kwa maneno ya Salama. Mara vichwa vyote vikamgeukia. Akajua imefika zamu ya sauti yake, akangoja kile kicheko cha utotoni. Hakikuja. Mama Mouna, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamsogelea, akasema polepole ili amsome midomo.

"Kumbe unasema. Miaka yote hii unanisalimia kwa mukono tu."

"Habari, Mama Mouna," akasema Rachidi.

"Nzuri, baba."

Siku hizi wateja wakifika kwenye boti Rachidi huongea nao kidogo, na asiyemwelewa humwomba arudie. Salama analalamika kwa majirani kwamba mumewe amekuwa mbishi kuliko zamani, na huku anacheka.