Ndago za Bustanini

Binti yangu alituonya tangu jana yake: tukifika makumbusho, tusioneshe kwamba tunamjua. Ilikuwa siku yake ya kujaribiwa kazi ya kuongoza wageni, na msimamizi angekuwa nyuma yake muda wote. Tulikubali. Lakini tangu tunatoka nyumbani Mchombe nilikuwa na wasiwasi. Mtoto alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu akitafuta kazi, na mama mkwe wangu, aliyeng'ang'ania kuja, hajawahi kunyamaza kwa ajili ya mtu.

Ndani ya makumbusho, jumba la zamani la mlowezi wa Kizungu, mama mkwe alinishangaza. Alitazama vitanda vya chuma na saa ya ukutani iliyosimama, asiseme neno. Binti alieleza vizuri, nikaanza kupumua.

Tukatoka bustanini. Kule kila kitu kimepangwa: michongoma imenyolewa ikanyooka, njia za kokoto, katikati bwawa dogo. Kugeuka, namwona mama mkwe ameinama kando ya bwawa, khanga kaifunga kiunoni, anang'oa ndago. Kwenye mpunga wetu gugu hilo ni adui, na haijawahi kumpita hata moja. Hizi zilikuwa ndefu, tena zimepandwa kwa mstari, lakini kwake ndago ni ndago.

Ningefanyaje? Mama mkwe hakemewi, sembuse mbele za watu. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

“Mwanangu, kunywa maji,” akaniambia, huku anaendelea.

Msimamizi akaja mbio. “Mama, hayo ni mapambo!”

“Mapambo gani? Mngeziacha hizi, zingewamalizia shamba.”

Wageni wakacheka. Msimamizi hakucheka. “Huyu bibi amekuja na nani?”

Nikamtazama binti, nikimwomba kwa macho anyamaze. Yeye akapita katikati ya wageni, akapiga goti kwenye kokoto na sketi yake mpya.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Si ulisema leo hatujuani?”

“Ni bibi yangu,” akamwambia msimamizi, akaanza kuzirudishia zile ndago ardhini, moja moja.

Nikajua kazi imekwenda na maji. Niliwaonea hasira wote wawili, na machozi yananilenga. Msimamizi alisimama pale akimwangalia mpaka binti akashindilia ya mwisho.

“Jumatatu uwahi,” akasema. “Uzimwagilie kabla wageni hawajafika.”