Glovu ya upinde niliyojishonea kwa ngozi mbichi, na kidole kilichobaki hospitali

Wakuu, salaam.

Kuna ndugu humu ameuliza achague glovu gani ya ngozi kwa ajili ya kupigia upinde. Nilianza kumjibu kwenye uzi wake, jibu likawa refu, nikaona nifungue wangu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi bado panawasha. Makosa ya herufi mnisamehe, mkono wa kulia siku hizi haufiki vizuri kwenye vitufe.

Mimi ni mtu wa Marangu. Nilipomaliza shule nilipanda mlima kama mpagazi, kazi ya vijana wengi wa kwetu. Safari moja theluji ilitukuta juu, glovu zangu za sufu zikalowa, nikaendelea kubeba hivyohivyo. Niliposhuka, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama nta ya mshumaa.

Rangi ilirudi. Hisia hazikurudi. Ungeweza kunichoma sindano nisigeuke.

Hili sikumwambia mtu yeyote, hata mama. Nilijipa sababu kwamba mpagazi akijulikana ana mkono mbovu haitwi tena. Ni kweli haitwi. Lakini ukweli zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa kuogopa kuonekana nina kasoro. Shuleni nikikosea neno moja nilikuwa nachana ukurasa mzima na kuanza upya.

Sasa, karibu na kwetu kuna hoteli ndogo ya wageni. Meneja alikuwa ameleta pinde na shabaha za kulenga, ili wageni wanaosubiri kupanda mlima wapate cha kuchezea. Mwalimu hakuwa naye. Mimi nilikuwa naokota mishale, na wageni wakienda kula nashika upinde. Hakuna aliyenifundisha. Kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza kilichokuja na zile pinde, nikakisoma na kamusi pembeni, nikarudia, nikarudia, mpaka mishale yangu yote ikawa inaingia kwenye duara la njano, lile la katikati.

Meneja akaniona.

"Kijana, wageni wakianza kuwa wengi nitakujaribu. Ukipiga hivi mbele yangu, kazi ni yako."

Wakuu, nadhani mnaelewa maana yake. Kazi ya chini, kwenye jua, bila mzigo kichwani. Mlimani nilijua sirudi, vidole vile vikipigwa na baridi mara ya pili vingeondoka. Kwa hiyo ilikuwa upinde au nikae kihambani kwa mama nikipunguza migomba.

Tatizo likawa uzi wa upinde.

Kwa wasiojua, uzi huvutwa kwa vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, na ukiuachia unakwaruza ngozi kwa nguvu. Mwenye vidole vizima husikia maumivu, akapumzika. Mimi nilikuwa naona damu kwenye manyoya ya mshale ndipo najua nimechanika.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta glovu.

Nilianzia soko la mitumba la Kiboriloni. Kwa dada mmoja nilipata glovu ya gofu, laini, ngozi nzuri kabisa, ila ya mkono wa kushoto.

"Dada, mwenzake wa kulia yuko wapi?"

"Mzungu alizikwa naye. Chukua huyo, mgeuze nje ndani, anakuwa wa kulia."

Wenzake wakacheka, lakini mimi nililichukulia kwa uzito, nikaigeuza. Ikaingia kweli! Shida ni kwamba mishono ilikuja nje, uzi wa upinde ukawa unanasa kwenye kila mshono.

Nikajaribu ya fundi wa kuchomelea vyuma. Nene mno, huwezi kujua kama umeshika uzi au umeshika mto. Nikajaribu ya kike, ile nyembamba ya kwendea harusi. Ikatoboka kabla jua halijazama.

Mwishoni nikaenda kwa mzee mmoja fundi viatu, Moshi mjini. Nikamwamkia, nikamweleza. Huyu alielewa haraka. Akanishonea vifuniko vitatu vya vidole kwa ngozi ya mbuzi ya kiwandani, vimeungana na mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono. Kitu safi. Akanivalisha, akaniminya kidole cha kati.

"Hapa inabana?"

"Hapana, mzee."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Basi imekutosha."

Hakujua kwamba angeweza kuniminya kwa koleo nikajibu vilevile.

Mimi nilichokuwa nacho ni macho tu. Na macho yangu yaliona kijinafasi kwenye ncha ya kidole, kama unene wa karatasi. Nikakataa. Mzee akapunguza, nikaona kijinafasi pembeni, nikakataa tena. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mwanangu, hii ni glovu au unavalishwa pete ya ndoa?"

Nikaondoka bila kuichukua. Ile ndiyo ilikuwa glovu sahihi, wakuu. Niliiacha pale mezani.

Wiki hiyohiyo nyumbani walichinja mbuzi. Mama alikuwa ameahidi tangu niliposhuka mlimani mzima, basi baba mkubwa akaja kutoka Tarakea kusimamia. Sisi ni Walutheri, lakini mila nyingine hatukuziacha mlangoni mwa kanisa. Kwetu mtu akinusurika, hukatwa kipande cha ngozi mbichi ya yule mbuzi, kinatobolewa tundu, anavalishwa kidoleni kama pete. Ni baraka.

Baba mkubwa akanivalisha kidole cha kati. Kesho yake nikaivua ili nipige upinde, nikaiangalia. Ilikuwa imekauka na umbo la kidole changu, kila kona, hadi mstari wa kiungo. Hakuna nafasi hata ya unywele.

Akili yangu ikaenda mbio. Kwa nini nihangaike na fundi?

Ngozi iliyobaki ilikuwa imewambwa ukutani. Nikakata, nikailoweka, nikanyoa manyoya kwa wembe, nikashona vifuniko vitatu vya kubana kabisa. Nikavivaa vikiwa vimelowa ili vikaukie mkononi. Nikakaa jikoni karibu na moto. Baba mkubwa akapita.

"Sisi tunavaa kipande, wewe umevaa mbuzi mzima?"

Nikacheka naye. Nililala nayo, nikashinda nayo. Kila nikitazama, hakuna nafasi. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kitu nilichokitengeneza.

Jioni mama aliandaa ndizi kwa nyama. Maji ya kunawa yakapitishwa. Mimi nikanawa mkono mmoja, nikaanza kula kwa kushoto.

"We! Unakula kwa kushoto mbele ya baba yako mkubwa?"

"Huu mwingine una kazi, mama."

"Kazi gani ya kuukataza mkono kula? Lete hapa."

Akaushika. Chini ya mishono vidole vilikuwa vimevimba, rangi ya zambarau. Akajaribu kuivuta ile ngozi, ngumu kama ganda la mti. Wakaniloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu, haikulegea upesi, baba mkubwa akaanza kuichana kwa wembe polepole. Kifuniko cha kwanza kikatoka, kidole cha shahada, cha buluu. Cha pili, cha kati. Kilikuwa cheusi. Na baridi, wakuu, baridi kama kitu cha mtu mwingine.

Baba mkubwa akaniuliza, bila ukali:

"Kwani haikukubana?"

Ngozi mbichi inabana ikikauka, kila mtu kwetu anajua. Mwenye pete huizungusha kidoleni mpaka itulie. Hakuna anayekufundisha kuizungusha, kidole chenyewe kinakusumbua.

"Sikusikia."

"Hukusikia leo?"

"Tangu mlimani."

Mama ndiye aliyesema, na hakuniangalia mimi, aliangalia mafiga.

"Na mimi kila siku nakutuma uepue sufuria. Nasema mwanangu ana mkono mgumu."

Asubuhi yake tulishuka hospitali. Cha kati kilikatwa chote, cha pete nusu. Cha shahada kilipona.

Kidonda kilipofunga nilikwenda kwa meneja. Niliuficha mkono mfukoni mpaka aliponiambia nishike upinde. Akautazama, akanirudishia macho, na sitamlaumu kwa alichosema.

"Pole sana, kijana. Lakini wageni wakiona huo mkono watauliza pinde zetu zina nini."

Kazi akapewa mtu mwingine. Nikawa namwona nikipita njiani, anawafundisha Wazungu kusimama, na anawafundisha vibaya.

Sasa nirudi kwa ndugu aliyeuliza.

Chukua ngozi iliyotengenezwa kiwandani, mbichi usiiguse. Ya mbuzi inatosha kwa upinde mwepesi, ya ng'ombe nyembamba kwa upinde mzito. Mshono usiwe upande unaopita uzi. Hakikisha unaweza kuivua mwenyewe kwa mkono mmoja. Na kama ncha ina kijinafasi, ndugu yangu, kiache. Damu nayo inahitaji njia.

Hiyo ni ya glovu. Lingine ni hili: yule fundi aliniuliza swali sahihi mara mbili, nami nikampa jibu la uongo mara mbili. Kama una sehemu ya mwili isiyosikia, mwambie anayekupima. Glovu nzuri kuliko zote haiwezi kumlinda mtu anayedanganya kuhusu mkono wake.

Siku hizi navuta uzi kwa mkono wa kushoto. Najifunza upya, naukosea ubao mzima, sembuse duara la njano. Wakati mwingine nalia kwa hasira nikiwa peke yangu kwenye migomba.

Nikirudi nyumbani mama hasemi karibu. Anasema, "Lete mikono." Anaminya kidole kimoja kimoja, na vile viwili vya kulia vinavyosikia, na kidole cha shahada, na kile kipande cha cha pete.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Hapo sisikii, mama."

Anatikisa kichwa, anaendelea na kingine.

Karibuni wakuu. Mwenye kujua glovu ya mkono wa kushoto inayopatikana Moshi au Arusha anielekeze. Na kama kuna mpagazi humu ambaye vidole vyake vimekufa na hajamwambia mtu, hata kama hutaki kuandika hapa, nitumie ujumbe pembeni.