Kiota cha Nyuzi za Nyavu

Baba alipofariki, njiwa wake walianza kuhama. Hawakuondoka kwa mkupuo. Walitoka wawili leo, watatu keshokutwa, wakavuka ukuta na kutua kwenye paa la jirani yetu, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye kila asubuhi kabla ya kwenda dukani huwamwagia ndege mtama kama sehemu ya ibada yake. Nilimfuata kulalamika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya njiwa."

"Wanahamia kwako wote."

"Mimi siwaiti. Namwaga mtama, namwomba Mungu, naenda kazini. Wao wanajua wenyewe wanapopapenda." Akanitazama kwa huruma. "Pole, lakini."

Hapa kwetu Igogo watu husema njiwa hakai kwenye nyumba isiyo na amani. Mimi nina shahada mbili, na nimewahi kuandika makala ndefu kuhusu imani za aina hiyo, nikizichambua bila haya yoyote. Ila ndani ya makala ile hakukuwa na mama yangu. Sasa alikuwapo, akiwa edani, amekaa uani na nguo zake nyeupe, anatazama banda la marehemu mumewe likipungua watu.

Dada yangu mkubwa, anayeishi Kisesa, alishaandaa chumba. Alitaka eda ikiisha tu mama akakae kwake. Mimi nilitaka abaki. Mama hakuwa tayari kumchagua mtoto mmoja mbele ya mwingine, kwa hiyo kesi akawatupia ndege.

"Mimi sina neno," alituambia. "Njiwa wakibaki, nabaki. Wakihama wote, mimi nabaki kumlindia nani banda?"

Walikuwa wamebaki wawili: dume jeusi lenye shingo ya kung'aa na jike la kijivu. Hawakuwa na kiota, na njiwa asiye na kiota ni mpangaji aliyeshafunga vyombo.

Nikageuka mtaalamu wa viota. Nilisoma usiku na mchana kwenye simu, nikajifunza kwamba dume ndiye anayetafuta na kubeba, jani moja kwa kila safari, na jike hukaa palepale akiyapokea na kuyapanga chini ya tumbo lake. Kazi yangu ilikuwa kuliwekea dume bidhaa nzuri karibu, lisipate sababu ya kwenda kutafuta kwa jirani. Nililetewa majani makavu ya mpunga kutoka Kisesa, kwa msaada wa dada yangu mwenyewe, ambaye sikumwambia ni ya nini. Nikaokota majani ya mvinje, yale membamba. Nikachambua kamba kuukuu ya katani mpaka vidole vikawasha. Vyote nikavipanga uani, fungu fungu.

Dume lilishuka, likapita katikati ya mafungu kama mteja wa mitumba asiye na nia ya kununua, likanyanyua unyasi mmoja, likauangusha. Kisha likaruka kwenda kwa jirani. Jike likabaki peke yake bandani, nami nikabaki nimeshika katani, nikihesabu kila kelele ya mbawa. Dume lilirudi jioni. Kesho yake likafanya vilevile, likachelewa zaidi.

"Baba yako alikuwa anawaletea nyuzi za nyavu," mama alisema. "Nenda ziwani kwa mafundi, wanatupa mabaki mengi."

Nilikuwa nimesoma, tena asubuhi ileile, kwamba nyuzi ndefu huwafunga njiwa miguu. Nilijua pia kwamba nyavu za enzi za baba zilikuwa za uzi mnene, na za siku hizi nyingi ni za uzi mwembamba kama unywele, usiooza wala kukatika. Nilikwenda hivyohivyo. Nilijiambia nitazikatakata ziwe fupi kama kidole.

Mafundi wa nyavu walikuwa wamekaa ufukweni, nyavu zimewafunika magoti.

"Za nini hizo, mwalimu?" mmoja aliniuliza, maana mtu yeyote mwenye miwani kule huitwa mwalimu.

"Za njiwa."

"Kumbe njiwa nao wameanza kuvua."

"Waache wavue," mwenzake akasema. "Samaki wenyewe wako wapi?"

Nilirudi na mfuko. Niliuweka chini uani nikaingia ndani kutafuta mkasi. Nilipotoka, dume lilikuwa juu ya mfuko, limevuta uzi mmoja mrefu kuliko mkono wangu, na linatembea nao kwa maringo kuelekea bandani. Nikapiga hatua.

"Usisogee," mama alisema kwa sauti ya chini kutoka mlangoni.

Sikusogea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona anatabasamu. Dume lilibeba nyuzi siku hiyo nzima, na jike likazipokea, likazipanga. Nilisimama na mkasi mkononi kama mtu aliyefika kwenye harusi kuweka pingamizi, kisha akakuta wali umeshapakuliwa.

Tangu hapo sikupata utulivu. Jike lilitaga mayai mawili. Kila nilipopanda ngazi kubadilisha maji, niliona nyuzi zinang'aa chini ya tumbo lake, zimejikunja vitanzi, na mguu wake mwekundu umetua katikati. Ningezivuta, wangeweza kukisusa kiota. Nisipozivuta, mguu ulikuwa unangoja zamu yake. Nilichagua kuongeza majani ya mpunga juu ya nyuzi, huku nikijua kwamba hayabadilishi kitu.

Eda ilikuwa inakaribia kuisha. Asubuhi moja dada yangu alifika na begi kubwa tupu, akaliweka sebuleni bila maelezo. Mimi nikapanda ngazi. Jike lilikuwa limelala upande, mguu mmoja umenyooka nje ya kiota, uzi umeuzunguka mara nyingi, na kidole kimekuwa cha zambarau. Ncha ya pili ilikuwa imesokotwa chini ya mayai. Lilipojaribu kujivuta, kiota kizima kilisogea, na yai moja likabiringika hadi ukingoni.

"Kuna nini huko?" dada aliuliza kutoka chini.

"Naweka maji."

"Maji gani hayo yanakutoa jasho?"

"Sema kweli," mama alisema.

Nikasema kweli. Mama akaniletea mkasi wake mdogo wa kucha na kuushikilia juu hadi nikaufikia. Nikalifunika yai kwa kiganja kimoja. Kwa mkono wa pili nikatafuta pa kupitisha ncha ya mkasi kati ya uzi na ngozi, na pengo halikuwapo. Jike lilinidonoa, likanipiga kwa bawa kwenye miwani. Nilianza kukata upande wa kiota kwanza, ili angalau mayai yasalimike, kisha nikarudi mguuni. Mkasi ulikwaruza, damu ikatoka kidogo, na uzi ukaachia.

Jike lilipita juu ya kichwa changu, likavuka ukuta, likatua kwenye paa la jirani.

Nikatoa nyuzi zilizobaki, nikayarudisha mayai kwenye majani ya mpunga, nikashuka. Mayai yalikuwa yanapoa huku sisi watu wazima watatu tukitazama paa la mtu.

"Mama," dada alisema mwishowe, kwa upole, "si umeona mwenyewe?"

"Nimeona ameruka. Kuhama sijamwona bado."

Jua lilipopanda, dume lilitokea, likatua mlangoni mwa banda, likageuza shingo, likaingia. Ndiyo saa yake. Mchana dume ndiye hulalia mayai. Sikuthubutu kupanda kuangalia.

"Mwanaume amerudi kazini," mama alisema. "Tumsubiri mwenye nyumba."

Alikwenda kusali adhuhuri, akarudi kwenye kiti chake. Dada alipika, tukala bila kusikia ladha. Baada ya alasiri, jike lilivuka ukuta. Lilitua kwa mguu mmoja, likayumba, likasimama pale mlangoni muda mrefu kiasi kwamba nilijikuta naomba dua niliyoiacha tangu nikiwa chuoni. Kisha likaingia, na dume likatoka kulipisha.

Mama alivuta pumzi, akamgeukia dada yangu.

"Begi lako lirudishe, mama. Nitakuja kwako makinda yakisharuka."

"Kweli?"

"Yakisharuka na banda likiwa halina yai, nakuja."

Dada aliridhika. Akanitazama kwa ushindi kidogo, nami nikainamisha macho. Ngazi ile dada hajawahi kuipanda tangu utotoni. Mama alikuwa ameishi chini ya banda lile maisha yake yote ya ndoa, mimi nimesoma kwenye simu, na sote wawili tulijua kwamba njiwa wakitulia hutaga tena kabla makinda ya mwanzo hayajaruka.