Siku Niliyofuta Mashine Mbele ya Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini huko Plymouth, mji jirani na Saint Paul, katika nchi iliyotupokea wakimbizi, nilipewa glavu, kisu cha kukatia maboksi, na onyo la kutogusa kitu chochote chenye waya. Kampuni ilikuwa inaunda kompyuta za viwandani, zile za chuma zisizo na kioo, zinazofungwa ukutani kuendesha mitambo. Sisi wa ufungashaji tulikuwa mwisho kabisa. Kompyuta inatufikia imekwisha, tunaivika povu, tunaifunga, tunaipanga kwenye paleti, zile chaga za mbao. Msimamizi wa zamu alinionyesha boksi moja, akaondoka. Nilielewa. Nimesoma darasa la nne tu, kwetu Fizi, kabla ya vita kutukimbiza, lakini miaka yote ya ukimbizini Tanzania nilikuwa natengeneza mota, yaani injini, za mashine za kusaga, na mtu aliyefungua mota haogopi boksi.

Nilifunga maboksi miaka kadhaa, na hakuna paleti yangu iliyoanguka. Kisha meneja wa kiwanda akatukusanya, akasema ufungashaji unahamishiwa jimbo jingine. Watakaobaki ni wale watakaoingia kitengo cha majaribio, kule kompyuta zinakowekewa mfumo na kupimwa kabla ya kutoka. Anayetaka atafanya mtihani wa vitendo. Wengine, kwaheri.

Kwa watu wetu kwaheri hiyo ilikuwa na maana moja: kiwanda cha nyama, mji wa mbali kusini, unalala huko na wanaume wenzako na familia unaiona Jumapili mojamoja. Mimi na mke wangu vita vilitutenganisha, tukatafutana mpaka tukakutana kambini. Sikuwa tayari kutengana naye tena kwa ajili ya nyama ya ng'ombe.

Mwenzangu wa paleti, mzee tuliyemwita Papa Kasongo, alicheka nilipoandikisha jina.

"Amisi, wewe na darasa lako la nne. Utaiambia kompyuta bonjour?"

"Nitaiambia. Wewe utamwambia nini ng'ombe aliyekufa?"

"Ng'ombe haniulizi diplome."

Mkuu wa kitengo cha majaribio alikuwa mama wa Kikenya, mdogo kwangu kwa umri, mkali. Sote tulimwita Madam. Alitoa saa yake ya chakula atufundishe sisi tulioomba.

Mfumo wenyewe unaitwa Linux. Ni mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayoamsha chuma na kukigawia kazi. Madam hakuthubutu kutupa kompyuta za wateja. Alitupa mashine pepe: ndani ya kompyuta halisi unafungua programu inayoigiza kompyuta nyingine nzima, na kioo chake unakiona ndani ya dirisha. Unaigawia kumbukumbu kidogo, unaikatia diski, ambayo kwa kweli ni faili tu, kisha unaichomekea picha ya diski ya kusakinishia. Hiyo nayo ni faili, inafanya kazi ya ile CD ya zamani. Ukiiwasha, mashine inaamka kutoka kwenye picha hiyo na kuanza kukuuliza maswali.

Nilikwenda vizuri mpaka swali la kufuta diski yote. Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

"Mzee, mbona umesimama? Click."

"Madam, inasema inafuta yote."

"Inafuta disk yake. Hii ya nje haiioni hata."

"Una hakika?"

"Hii kompyuta ni ya kampuni, mzee. Kama ingekuwa inafutika, ningekuwa nimekaa hapa nakula chapati?"

Siku hiyo sikubonyeza. Nilirudi nyumbani Columbia Heights nikamweleza mke wangu. Alikuwa anapika sombe, majani yetu ya muhogo, hata hakugeuka.

"Baba Neema, wewe ulikuwa unashika mota ingali ya moto. Leo unaogopa mashine ambayo haiko?"

Kesho yake nikabonyeza.

Likaja kosa la pili. Nikimaliza kusakinisha na kuwasha upya, ukurasa uleule wa kukaribisha unarudi. Nikasakinisha tena, ukarudi tena. Nikamwambia Madam kwamba Linux yake ni uongo. Kumbe nilikuwa sijaichomoa picha ya diski, kwa hiyo mashine iliendelea kuamka kutoka humo badala ya kuamka kutoka kwenye diski niliyoiandaa. Nilijikasirikia. Fundi gani anaacha hendeli ya kuwashia ndani injini ikishawaka?

Lakini kadiri nilivyoharibu ndivyo nilivyoipenda. Mota ukiikosea unatafuta pete mpya za pistoni mwezi mzima. Mashine pepe ukiikosea unaifuta, unaunda nyingine, na chai yako bado ina moto. Kwa mtu wa darasa la nne hakuna shule nzuri kuliko hiyo, maana haichoki na haisimulii watu.

Siku ya mtihani tuliitwa mmojammoja. Meneja alisimama nyuma ya kiti changu, Madam kando yake. Mimi nilikuwa wa tatu, na nilitakiwa kumaliza kabla ya kengele ya chakula. Sasa, kwenye mazoezi siku zote nilichagua Kiingereza kama Madam alivyotuonyesha. Siku hiyo ukurasa wa lugha ulipofunguka nikaona Français, na majivuno yakanipanda. Kifaransa nilichapiwa fimbo shuleni. Nilitaka meneja ajue kuwa mzee huyu si wa lugha moja.

Nikafika mahali pa kuandika jina. Nikabonyeza a, ikatoka q. Nikabonyeza m, ikatoka alama ya mkato. Nikafuta, nikaandika tena polepole kwa kidole kimoja. Vilevile.

Meneja akainama. "Kibodi ni mbovu?"

Jibu alikuwa amenipa yeye mwenyewe. Ningesema ndiyo, angeleta nyingine, na lawama ingekuwa ya kibodi.

"Hapana," nikasema kwa Kiingereza changu cha paleti. "Kibodi ni nzima."

"Basi ni nini?"

"Sijui."

Mota ikianza kugonga, fundi haulizi mambo mia. Anauliza ni nini kilichobadilishwa mara ya mwisho. Na mimi nilikuwa nimebadilisha kitu kimoja tu.

"Ni lugha," nikasema. "Sijui inafanyaje, lakini shida iliingilia hapo. Nafuta, naanza upya."

Nikaizima mashine, nikaifuta na diski yake, nikaunda nyingine. Meneja akatazama saa. Nikachagua Kiingereza, jina langu likatoka sawasawa. Kengele ya chakula ikalia faili zikiwa bado zinanakiliwa.

"Muda umekwisha," meneja akasema.

"Wacha amalize," Madam akasema.

Nikamaliza. Nikachomoa picha ya diski, nikawasha upya, nikaingia kwa nywila yangu, nikaandika lsblk, amri inayoorodhesha diski. Diski yangu ikaonekana. Meneja alikuwa ameshafika mlangoni, na nilimsikia akimuuliza Madam amchukueje mtu aliyechelewa.

"Wa kwanza alipokwama alisema ni mtandao," Madam akamjibu. "Wa pili akasema ni kipanya. Huyu amesema hajui, kisha akatafuta. Kwa majaribio nataka huyu."

Meneja akatikisa kichwa, akasema kitengo ni cha Madam. Alipotoka, Madam akanieleza kwamba Wafaransa hupanga herufi zao kivingine, na mashine ilidhani kibodi yangu ni ya kwao. Kisha akaongeza: "Na hiyo French yako, mzee, iache kanisani."

Nilikaa kwenye majaribio mpaka nilipostaafu. Nilianza meza ya usakinishaji, nikahamia chumba cha joto, ambako kompyuta zinaachwa ziwake mfululizo ili zenye udhaifu zife mikononi mwetu, zisife kwa mteja. Mkuu aliyemfuata Madam, Mhmong, yaani mtu wa jamii moja ya Kiasia, wa Saint Paul, alikuwa akiniletea wageni niwafundishe, na mimi niliwapa mashine pepe nikawaambia waivunje. Miaka yote hiyo nilipanda basi jioni nikala kwangu, na mke wangu akinilalamikia kwamba nimechelewa. Kazi yote niliifanya kwa ajili ya hayo malalamiko.

Sasa Jumamosi nafundisha mashine pepe hizohizo kwenye chumba cha chini cha kanisa. Yupo mama mmoja wa Uvira, jirani na kwetu Fizi, anafagia ofisi huko Eden Prairie, na kampuni yenye ofisi hizo imemruhusu ajaribu nafasi ya fundi msaidizi wa kompyuta. Mtihani wake ni Jumanne. Ameniuliza afanye nini akikwama mbele yao. Nimemwambia aseme amekwama, kisha aendelee kutafuta wakimwangalia. Naye akanijibu: "Papa, hilo nitaliweza."