Kuni za Vizma Kalve

Kwenye mlango wa friji ya Vizma Kalve palibandikwa kipande cha gazeti: orodha ya nchi za Ulaya, na kila serikali inatumia kiasi gani kwa mwaka kumtunza raia mmoja. Luxembourg ilikaa juu kabisa, Denmark karibu yake. Latvia, kwao Vizma, ilikuwa chini kule wanakokaa wanyonge. Estonia ilikuwa mistari michache tu juu yake, haina la kujivunia. Lakini Luxembourg ni mbali, na Estonia ilianzia kwenye kona ya mtaa wao. Mji ni mmoja, upande huu Valka, upande ule Valga, na mpaka unapita kwenye bustani za watu bila askari.

Ojars, mumewe, alipofariki na kumwachia watoto watatu na cherehani, Vizma alifanya walivyofanya wengi mtaani: alihama kwa karatasi. Alipanga vyumba viwili ng'ambo kwa Bi Leida, mjane wa Kiestonia, akajiandikisha huko, akaanza kupokea posho ya watoto ambayo ilikuwa nono kuliko ya kwao. Kulala na kula kulibaki Valka, kwa mama mkwe wake, Dzidra, ambaye hakutaka kusikia habari ya kuiacha nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Mshika mbili moja humponyoka, na Vizma alilijua hilo kila alipopanda kitandani.

Oktoba barua ikaja kutoka ofisi ya posho ya Estonia. Ofisa angefika Alhamisi kuona kama kweli familia inaishi pale ilipojiandikisha.

Siku ileile akaanza kuhamisha vitu. Alivusha magodoro, miswaki, viatu vya watoto, hata kabichi akaipikia kwa Bi Leida ili nyumba inukie chakula cha watu wengi. Watoto akawafundisha la kusema mpaka mdogo akaanza kulia. Bi Leida alikaa kitini akimtazama anavyohangaika.

"Mwaka wa pili huu unanilipa kodi," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza nakuona umevua viatu."

Ofisa alikuwa mama mmoja wa makamo, Maimu Rebas, mpole, na upole wake ndio uliomtisha Vizma. Vitanda alivitupia jicho tu. Miswaki hakuiuliza. Alikwenda kwenye jiko la matofali la kupashia nyumba joto, akaliwekea kiganja, kisha akaomba kuonyeshwa banda la kuni.

Vizma akamfungulia mlango wa banda. Kule kuni hupasuliwa majira ya kuchipua na kukaushwa kiangazi kizima. Asiyekuwa nazo Oktoba hana cha kuingia nacho kwenye baridi. Bandani mlikuwa na rundo dogo la Bi Leida, la kumtosha kikongwe mmoja. Za Vizma alizipanga mwenyewe mwezi Mei, kwenye ukuta wa mama mkwe, zikiwa zimenyooka kama Ojars alivyozoea kuzipanga. Mikono ilimpeleka nyumbani na wala hakufikiri.

"Bi Kalve, watu hunionyesha vitanda," alisema Maimu. "Kitanda huhamishwa asubuhi moja. Mimi hutazama kuni. Nitarudi Jumatatu. Nisipozikuta, posho inasimama, na mliyokwisha kupokea mtairudisha."

Mchana huohuo Vizma alichukua toroli. Alikwenda na kurudi, anavuka mpaka bila kuuona. Safari ya tatu alimkuta Mama Dzidra amesimama ukutani na fimbo yake. Vizma akamwambia haraka haraka habari ya ofisa, na kwamba ni mpaka Jumatatu tu, halafu atazirudisha zote.

"Hazirudi, mwanangu," alisema Dzidra. "Huyo ofisa atapita tena Januari kutazama moshi. Kuni zikishavuka, mmehama."

Karatasi Vizma alikuwa amezihamisha mwaka jana bila kuumia. Sasa aliutazama ukuta ulivyoanza kubaki mtupu, na machozi yakamtoka.

Dzidra aliegemeza fimbo, akainama kwa shida, akatoa magogo mawili ya safu ya ndani na kuyaweka kwenye toroli.

"Chukua hizi, ndizo kavu. Mdogo anaumwa kifua."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi niachie kiasi kama za Leida, za kikongwe mmoja."

Vizma akarudi ng'ambo na toroli. Aliporejea kwa safari ya nne, alisimama mbele ya ukuta akijaribu kukumbuka lile rundo la Bi Leida lilikuwa na kimo gani. Akamtengea Mama Dzidra rundo la kimo hicho, akaliongezea magogo sita, kisha mengine sita, na yaliyobaki akaanza kuyapakia.