Niliachia Taya la Babu

Hili sijamwambia mtu: leo niliachia taya la mgonjwa.

Daktari Mjerumani alikuwa akimpasua mguu babu mmoja Mwarusha. Mimi nilidondosha klorofomu, dawa ya usingizi, kwenye kitambaa puani mwake, huku nikishikilia taya ili ulimi usizibe koo. Nililishikilia mpaka vidole vikafa ganzi.

Vikateleza. Pumzi ya babu ikakatika!

Nikalirudisha taya haraka, akavuta hewa. Daktari hakuona. Angeona, kazi sina.

Alipozinduka, wazee wa rika lake walijaa mlangoni. Nikamletea matone ya kutuliza maumivu.

“Wape watoto,” akasema kwa sauti. Wenzake wakacheka.

Walipoondoka tu, akaninong'oneza: “Mjukuu wangu, yalete.”

Nikamnywesha kwa kijiko, nikikishika kwa mikono miwili, maana vidole bado vilikuwa na ganzi. Akaushika mkono wangu mmoja, akaukanda taratibu.

“Kumbe nawe unaumwa. Na hili taya, mbona linauma hivi? Ulinipiga?”

Nikamweleza yote.

Akatazama mlangoni, kisha akanong'ona: “Usiseme nimekunywa, nami sitasema uliachia.”

Nimewaza sana, jamani. Kesho kuna mgonjwa mwingine, na mikono ni hii hii. Langu nitamwambia daktari mwenyewe, anipe wa kupokezana naye.

La babu, tafadhali, lisitoke hapa.